Nyigu wa Muhogo Si Samaki wa Barafu

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita.)

 

Mkazi wa Kitaji, pale Musoma mjini, akienda kununua sato au sangara, hamwulizi mchuuzi kama samaki ni mzuri. Humtazama macho, humfunua mashavu aone wekundu, kisha humbonyeza kwa kidole. Hufanya hivyo kwa sababu watu wa ziwani wanajua kwamba barafu haimrudishii samaki upya wake. Inachelewesha tu uharibifu. Samaki aliyelala barafuni siku kadhaa si samaki aliyevuliwa alfajiri ya leo, hata kama wote wawili ni baridi sawasawa.

Leo nataka tuichukue busara hiyo ya sokoni tuipeleke shambani. Nataka tuzungumze juu ya nyigu, na hasa juu ya kuwaweka nyigu kwenye jokofu.

Najua wapo watakaocheka. Nyigu tunayemjua sisi ni yule anayejenga darini, ambaye mtoto akimchokoza hurudi ndani akilia na jicho limevimba. Huyo simsemi. Nyigu ninaowazungumzia ni wadogo mno. Wengi wao hawafiki urefu wa milimita mbili, na mtu akiwaona juu ya jani hudhani ni mbu wachanga au vumbi linalotembea. Hawaumi watu na hawali mazao. Kazi yao ni moja tu: jike hutafuta mdudu anayeharibu mmea, humtoboa, hutaga yai ndani yake, na kiluwiluwi kinachoanguliwa humla mdudu huyo kutoka ndani mpaka afe. Mahali pa mdudu mmoja mharibifu hutoka nyigu mwingine, naye huenda kuendeleza kazi ile ile.

Ndugu wasikilizaji, ugali wa muhogo tunaokula hapa Mara, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, una deni kwa mdudu wa aina hiyo. Habari yenyewe ni hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika nchi zilizoitwa wakati ule Kongo na Zaire, wakulima waliona wadudu weupe kama waliopakwa unga wakikusanyika kwenye vichwa vya mihogo yao. Wataalamu wetu huwaita vidung'ata. Mdudu huyu hufyonza utomvu, na mate yake yana sumu inayoufanya mmea udumae. Majani ya juu hujikunja na kubanana kama ngumi, pingili hufupika, na mahali pengine majani yote hupukutika. Tena mdudu mwenyewe hahitaji dume. Wote ni majike, na kila mmoja hutaga mamia ya mayai. Katika muda wa miaka kama 15 alikuwa amekwisha kuenea karibu katika ukanda wote wa muhogo wa Afrika. Mahali alipozidi, hasara ilifika hata asilimia 80 ya mavuno. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuingia Tanzania pia.

Kwa nini alitushinda? Kwa sababu alikuwa mgeni. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno karne kadhaa zilizopita. Mdudu yule alibaki huko kwao, akija akachelewa. Na alipokuja, alikuja peke yake. Maadui zake walibaki nyuma. Hapa kwetu alikuta chakula tele na hakukuta wa kumzuia.

Ndipo wataalamu walipoamua kwenda kuwatafuta maadui hao. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria, ambayo wengi wanaijua kwa jina la IITA, ilikuwa na mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, Hans Herren. Mwaka 1981 mdudu yule alipatikana Paraguay, na pamoja naye akapatikana nyigu mdogo anayemshambulia. Nyigu huyo, ambaye jina lake la kitaalamu ni Anagyrus lopezi, alipelekwa kwanza Uingereza akae karantini, ili wataalamu wahakikishe hana madhara. Mwishoni mwa mwaka huo huo alikwisha kuachiwa katika mashamba ya Nigeria. Kutoka hapo alisambazwa nchi kwa nchi, mara nyingine akimwagwa kutoka kwenye ndege. Hapa Tanzania kazi ya kumzalisha na kumsambaza iliwekwa Kibaha, mkoa wa Pwani. Mwaka 1995 Bwana Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Alikuwa wakati huo amekwisha kuwa jirani yetu, maana tangu 1994 alikuwa mkuu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nadhani msemo huo haujapata kutimia vizuri zaidi ya hapo.

Sasa, baridi inaingiaje katika habari hii?

Inaingia njiani. Nyigu hawa wakiwa wazima huishi majuma machache tu. Toka yai mpaka nyigu kamili, katika joto letu, ni kama majuma mawili au zaidi kidogo. Kiwanda cha kuwazalisha, kama ni kizuri, hutoa nyigu kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini shamba halihitaji nyigu kila siku. Vidung'ata huzidi wakati wa kiangazi, mmea ukiwa umechoka na hakuna mvua ya kuwaosha. Hapa kwetu Mara ni baada ya mvua za masika kwisha, kuanzia mwezi wa sita na kuendelea. Nyigu wa mwezi wa pili utawaweka wapi hadi mwezi wa saba? Halafu iko safari. Kutoka Kibaha hadi Musoma ni zaidi ya kilomita elfu moja za barabara. Kutoka Mwanza tu kuja Musoma, kupitia Magu na Bunda, ni zaidi ya kilomita 200. Nyigu akianguliwa ndani ya chupa Shinyanga, atafika hapa amechoka, ana njaa, au amekufa.

Kwa hiyo wataalamu duniani kote wamefikiria jambo ambalo hata mimi na wewe tungelifikiria: kuwaweka kwenye baridi. Mdudu hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi. Joto lake ni joto la mahali alipo. Ukimpoza, ukuaji wake hupungua, na ukifika chini ya kiasi fulani husimama. Kwa kawaida huwekwa wakiwa bado ndani ya ganda la mdudu waliyemla, kabla hawajatoka, katika baridi isiyofikia kugandisha. Ukiwatoa kwenye joto, wanaendelea pale walipoishia. Kwa maneno, ni kama kusimamisha saa.

Lakini, ndugu wasikilizaji, saa ya kiumbe hai haisimami kabisa. Na hapa ndipo busara ya mnunuzi wa samaki wa Kitaji inapotufaa.

Kwanza, mdudu aliye kwenye baridi anaendelea kuishi, hata kama ni polepole. Anatumia akiba yake ya mafuta bila kuongeza chochote, maana hali. Akikaa sana, hutoka akiwa na maganda na mbawa lakini hana nguvu ya safari.

Pili, baridi yenyewe hujeruhi. Chumvi zilizomo mwilini mwake hupoteza mizani yake, na ngozi nyembamba zinazozunguka kila chembe ya mwili hukakamaa. Majeraha haya hujikusanya siku hadi siku. Nyigu wa Ulaya, ambao wazazi wao wamezoea majira ya theluji, huvumilia zaidi. Wapo hata wanaoweza kutiwa katika usingizi mzito wa majira ya baridi. Huko Ufaransa nyigu wadogo wa jamii ya Trikograma, ambao hutaga ndani ya mayai ya nondo, wamewahi kuhifadhiwa kwa miezi mingi katika usingizi wa namna hiyo. Lakini nyigu aliyezaliwa katika nchi za joto hana urithi huo. Kwa wengi wao, jokofu la kuhifadhia soda ni baridi kupita kiasi.

Tatu, na hili ndilo linalodanganya watu, madhara hayaonekani chupani. Unafungua kisanduku, unaona nyigu wanatoka, unawahesabu, unaandika katika daftari: asilimia 80 wametoka wakiwa hai. Taarifa inapendeza. Lakini utafiti uliofanywa kwa miaka mingi juu ya aina mbalimbali za nyigu hawa unaonyesha kuwa waliokaa baridini kupita kiasi huweza kutoka na mbawa zilizojikunja, au papasi zenye kasoro, na papasi ndizo pua yao. Hutaga mayai machache zaidi. Huishi siku chache zaidi. Hushindwa kunusa mmea ulioshambuliwa. Huyo yuko hai, lakini hawezi kazi. Ni kama askari aliyeandikwa katika orodha ya kikosi, naye yuko kitandani.

Nne, liko jambo la madume, nalo ni la ajabu. Katika ukoo wa nyigu, yai lililorutubishwa huwa jike, na yai lisilorutubishwa halifi, bali huwa dume. Sasa baridi ikiharibu mbegu za dume, jike atataga kama kawaida, lakini watoto watakuwa wengi wao madume. Na madume hawatobi vidung'ata. Unaweza basi kupeleka shambani nyigu wanaoruka vizuri kabisa, na kizazi kinachofuata shamba likajaa mabwana wasio na kazi. Mkulima hataona kosa liko wapi. Atasema tu kwamba wale wadudu wa serikali hawafai kitu.

Na hilo ndilo linalonifanya nilizungumze jambo hili hadharani. Mkulima akidanganyika mara moja na nyigu dhaifu, hatawaamini tena hata walio wazima. Atarudi kwenye bomba la dawa. Na dawa ya kuua wadudu haichagui. Inaua kidung'ata na inaua nyigu, na mara nyingi huyu wa pili ndiye hufa zaidi, kwa kuwa mwenzake amejifunika nta na kujificha kwenye mikunjo ya majani. Kule Bunda, ambako shamba la pamba na shamba la muhogo huwa ubavu kwa ubavu, upepo wa mchana ukivuma wakati wa kupiga dawa ya pamba, muhogo wa jirani hupata sehemu yake bila kuomba.

Niliwahi kuonyeshwa, katika kituo kimoja cha mkoani ambacho sitakitaja, chupa za wadudu wa namna hii zikiwa ndani ya jokofu pamoja na maziwa na chakula cha mchana cha watumishi. Nilipouliza zimekaa humo tangu lini, hakuna aliyejua. Hapakuwa na tarehe. Nikauliza jokofu lina baridi ya nyuzi ngapi. Hapakuwa na kipimajoto. Watumishi wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wamefundishwa kwamba wadudu huwekwa kwenye baridi, wakawaweka kwenye baridi. Hawakufundishwa kwamba baridi ina kiasi na ina mwisho.

Ajabu ni kwamba somo hilo tunalo katika zahanati zetu. Muuguzi wa chanjo anajua kuwa jokofu lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Anajua kwamba chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata kama ukiiyeyusha inaonekana maji yale yale. Anaandika kipimo asubuhi na jioni, na chanjo ya zamani hutumika kabla ya mpya. Kama tumeweza kuyafanya hayo kwa chanjo katika vijiji visivyo na umeme, kwa kutumia majokofu ya mafuta ya taa na ya jua, hatushindwi kuyafanya kwa nyigu. Tofauti ni kwamba nyigu anataka uangalifu zaidi, maana yeye anapumua.

Wataalamu wamegundua jambo jingine. Watafiti wa Ubelgiji, wakiwachunguza nyigu wanaoua vidukari, waliona kuwa nyigu wakitolewa kwenye baridi kwa saa kama mbili kila siku, wakapata joto la kawaida, kisha wakarudishwa, wanaokufa hupungua sana kuliko wale walioachwa kwenye baridi mfululizo. Inaonekana saa zile chache huwapa nafasi ya kutengeneza majeraha yao kabla hayajazidi. Sasa najua msikilizaji mmoja huko Musoma anajisemea: kumbe mgao wa umeme ni neema! Hapana, ndugu yangu. Joto la saa mbili kwa ratiba ni dawa. Joto la siku nzima bila taarifa, halafu baridi ya ghafla usiku, ni maradhi. Nyigu wataanza kutoka ndani ya jokofu gizani, hawana asali wala mdudu wa kutagia, na asubuhi mtakuta vumbi jeusi chini ya chupa.

Basi tufanyeje? Nina mambo matatu ya kusema.

La kwanza ni kutofautisha kazi mbili. Iko kazi ya kumleta nyigu mahali ambapo hakuwapo, ili akae, azaliane na aenee mwenyewe. Hiyo ndiyo habari ya nyigu wa muhogo. Huyo huhitaji baridi kwa safari tu, tena safari fupi iwezekanavyo. Akishafika na kushika mahali, hana haja ya jokofu tena. Mwaka 2009 Thailand, baada ya kuvamiwa na vidung'ata hawa hawa mwaka mmoja kabla, ililetewa nyigu 500 kutoka kituo cha IITA cha Benin. Mia tano tu! Hao ndio waliozalishwa huko wakawa wengi, na mwaka uliofuata wakaachiwa katika maeneo mengi ya muhogo ya nchi ile. Nyigu 500 wenye afya walitosha kuanzisha kazi ya nchi nzima. Nao wakifurahia mahali, hawaombi kibali. Nyigu wa bungua wa mahindi aliyeachiwa na ICIPE katika pwani ya Kenya mwaka 1993, baada ya kuletwa kutoka Asia, hatukumsubiri muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikuta jamii yake imekwisha kukaa kaskazini mwa Tanzania.

Kazi ya pili ni ile ya kumwaga nyigu wengi kila msimu, kama mtu anavyopiga dawa. Hiyo ndiyo kazi ya Trikograma, na wapo wanaoitazamia kwa ajili ya kiwavijeshi vamizi, aliyeingia katika mahindi yetu tangu mwaka 2017. Hapo jokofu haliepukiki, kwa kuwa nyigu ni bidhaa, na bidhaa lazima ingoje mnunuzi. Na penye bidhaa pana biashara, na penye biashara lazima mnunuzi awe na macho.

La pili, basi, ni maswali ya kuuliza. Halmashauri, chama cha ushirika au mkulima yeyote akiletewa nyigu wa kununua au wa msaada, aulize. Walitayarishwa tarehe ngapi? Wamekaa baridini siku ngapi, na kwa nyuzi ngapi? Majike ni wangapi katika kila mia? Kisha asitosheke na kuona wametoka ganda. Awaachie kumi ndani ya chumba, dirisha likiwa limefungwa, aone wangapi wanaruka kuelekea kwenye mwanga, na wangapi wanatambaa sakafuni. Kipimo hicho hakihitaji maabara. Ni ndugu wa kile cha kumbonyeza samaki kwa kidole. Na katika safari, kisanduku kiwe cha kuzuia joto, barafu ifungwe kwa karatasi isiwaguse, wawekewe asali kidogo kama wamekwisha kutoka, na wasiachwe juani stendi wakati dereva anakunywa chai.

La tatu ni la mkulima wa muhogo mwenyewe, nalo ndilo naliona kubwa kuliko yote. Mama mmoja upande wa Bunda, mtu mzima wa rika la mama yangu, alinisikiliza nikieleza habari hizi kando ya shamba lake, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hao nyigu wako wakishawamaliza hawa weupe, watakula nini?" Nikamwambia, "Mama, hawawamalizi." Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kanga iliyotoboka. Lakini ndivyo ilivyo, na ndivyo inavyotakiwa. Nyigu hawamalizi. Wanapunguza. Vidung'ata wakipungua, nyigu nao hupungua. Vidung'ata wakianza kuongezeka, nyigu nao huongezeka wakawarudisha chini. Hao wachache wanaobaki, hapa shina moja, pale shina jingine, ndio chakula cha nyigu mpaka msimu ujao. Mama yule akafikiri kidogo, akasema: "Kumbe ni mbegu." Sikupata neno bora zaidi la kumwongeza.

Ghala bora la nyigu wa muhogo ni shamba lenyewe. Halina mgao wa umeme, halihitaji kipimajoto, na kila nyigu anayetoka humo ametoka siku hiyo hiyo. Mkulima anayeona vidung'ata wachache akakimbilia bomba, anachoma ghala lake kwa mkono wake. Na anayechukua vijiti vya mbegu kutoka shamba lililojaa wadudu akavipeleka kijiji kingine bila kuvikagua, anampa adui usafiri wa bure na kumwacha mlinzi nyuma, kama ilivyotokea mara ya kwanza.

Nisieleweke vibaya. Nyigu hawa hawatibu kila kitu. Muhogo wetu wa kanda ya ziwa umepigwa pia na batobato na michirizi ya kahawia, na hayo ni maradhi ya virusi yanayoenezwa na inzi weupe na kwa vijiti vyenye ugonjwa. Huko dawa ni mbegu safi na aina zinazovumilia. Nyigu wa kidung'ata hana habari nayo. Bwana shamba atakayewaahidi kwamba nyigu ni dawa ya kila ugonjwa, mwombeni arudi darasani. Wala sisemi jokofu ni adui. Bila baridi kiasi, nyigu wale wasingevuka nchi. Ninachosema ni kwamba baridi ni mkopo. Unapewa siku chache, na riba yake hukatwa katika nguvu za nyigu, katika mayai yake na katika watoto wake wa kike. Mkopo wa siku chache hulipika. Mkopo usio na tarehe hufilisi.

Wakazi wa mjini mnaonunua gazeti hili na kusikiliza redio mnaweza kusema haya ni mambo ya shamba. Lakini unga wa muhogo unaochanganywa na wa mtama katika ugali wenu unatoka Butiama, Bunda na vijiji vya kandokando ya ziwa. Mahali penye mvua za wasiwasi, muhogo ndio unaobaki ardhini wakati mahindi yamekauka. Mwaka ambao mahindi yamekufa na muhogo umedumaa kwa pamoja, bei ya debe sokoni itawaeleza kwa lugha iliyo wazi kuliko yangu. Mdudu wa milimita mbili analinda debe hilo bila mshahara. Anachohitaji kutoka kwetu ni tarehe juu ya chupa, kipimajoto ndani ya jokofu, na bomba la dawa likae stoo mpaka lihitajike kweli.